ZIMA INJINI KWANZA



Katika gazeti hili tumezoea kuandika habari za karakana na za gari la moshi, na ndugu zetu wa Kisumu wameandika habari za injini za meli, kwa kuwa reli ina meli pia: MV Uhuru, yenye kubeba mabehewa, ilizinduliwa katika Ziwa Victoria mwaka 1966. Leo twaandika habari za Tarbaj, ambako hakuna reli wala mashua. Pengine mtu atauliza, "Tarbaj yatuhusu nini?" Injini ya dizeli ni ile ile, ndugu. Iliyo tumboni mwa meli na iliyo katika kibanda cha kisima, zote hukata vidole kwa njia moja, na moshi wa zote huua. Tena mafundi waliojifunza kazi pamoja nasi wako huko visimani leo.

Tarbaj iko katika Kaunti ya Wajir, kwenye njia iendayo Mandera. Ni nchi kavu. Malambo yakikauka, watu na mifugo hutegemea visima virefu, na maji ya kisima kirefu hayapandi yenyewe. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana pasipo mvua ya kutosha. Wakati kama huo injini hufanya kazi mchana na usiku, na fundi wake vile vile.

Hapo ndipo penye hatari. Ndugu mmoja aliyestaafu karakana alipata kazi ya kutunza injini katika kisima kimoja upande huo. Siku moja mkanda wa feni ulianza kupiga kelele. Ngamia walikuwa wakingoja tangu alfajiri, na wenyewe wakamsihi asizime. Hakuzima. Aliinama kuutazama mkanda, mkono wa shati ukashikwa, na vidole viwili vikaenda. Ndugu huyu hakuwa mjinga. Kazi ile aliijua kuliko sisi. Alishindwa na huruma na haraka. Na injini ilizimwa vivyo hivyo, na ngamia wakangoja siku mbili mpaka fundi mwingine akafika. Nusu saa waliyoinyima injini iliwagharimu siku mbili.

Kwa hiyo twawakumbusha mafundi wote, wa kisimani, wa mashua na wa karakana:

Kwanza, zima. Ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe. Fungua waya wa betri, ule wa hasi kwanza, kisha tundika kibao: MTU YUKO KAZINI, USIWASHE. Vaa nguo za kubana; kikoi na mikono mipana si nguo za kukaribia mkanda.

Pili, ngoja ipoe. Kifuniko cha radieta kikifunguliwa injini ikiwa moto, maji yachemkayo humrukia mtu usoni.

Tatu, moshi utoke nje kabisa. Usiwashe injini katika kibanda kilichofungwa, wala usilale humo, hata kama nje kuna baridi na vumbi. Katika moshi ule mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala asiamke.

Nne, dizeli ikivuja kwenye bomba la nozeli, usipapase kwa kidole. Hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, lakini mtu apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje kesho.

Tano, visima vingine siku hizi vina mabamba ya jua pamoja na jenereta. Kuzima jenereta hakuzimi umeme wa jua. Maadamu jua linawaka, waya zake zina umeme. Kata swichi zote mbili kabla ya kugusa.

Lakini hatutaki kumtwika fundi mzigo wote. Wenye kisima wasiseme, "Alikuwa mzembe," ilhali mkanda hauna kinga, sanduku la dawa halipo, na mtu mmoja peke yake anakesha na injini juma zima. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa, na yamkataza mwenye kazi kumrudisha mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Na sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka huo huo, inataka madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Ndugu yetu tuliyemtaja hakuwa amejua haya, na hakuna aliyemwambia.

Tena haraka hii yote yaweza kuzuiwa. Injini nyingi za namna hii hubadilishwa mafuta kila saa 250. Ikienda mchana na usiku, saa 250 ni siku kumi na kidogo. Basi siku ya kuzima hujulikana mapema! Iandikwe katika daftari, wafugaji watangaziwe, na tangi lijazwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Hapo ngamia watakunywa, na fundi atafanya kazi yake pasipo kupigiwa kelele mlangoni. Na mkanda ukiharibika siku isiyotazamiwa, maji ya akiba yatakuwapo.

Twajua ni vigumu kumwambia mama mwenye mitungi mitupu, "Ngoja." Lakini fundi mwenye mikono miwili atampa maji kesho, na kesho kutwa, na mwakani. Kwa hiyo neno hilo lisiachwe liwe la fundi peke yake. Kamati ya kisima na ilitamke pamoja naye: Injini imezimwa. Ngojeni kidogo.

Umoja ni nguvu.