Moyo, Dawa na Dirisha la Mfamasia

Mkulima wa korosho wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, aliyeandikiwa dawa za moyo, huweza kuziacha siku anapojisikia nafuu. Kosa hilo lina mantiki yake: shinikizo la damu kwa kawaida haliumi, na kisichouma hudhaniwa kimepona. Lakini mishipa ikikaza, moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Ukuta wake hunenepa kama msuli wa mtwangaji, kisha hukakamaa, na hatimaye huchoka. Katika utafiti wa wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilishindwa kazi, uliofanywa Muhimbili mwaka 2012 na 2013, shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa 45 kati ya kila 100.

Ipo sababu nyingine, ambayo mgonjwa huona haya kumwambia daktari. Dawa ya kupunguza maji mwilini hukojoza kwa saa kadhaa. Nani ataimeza asubuhi ya kupanda basi la kuteremkia Masasi? Si haki kumwita mtu huyo mkaidi. Mfamasia akimwuliza kwa upole atalijua jambo hilo, na baada ya kushauriana na daktari ataeleza kwamba dozi yaweza kusogezwa hadi mwisho wa safari, badala ya kuachwa. Akitunza daftari la tarehe, atajua ni nani hakurudi kuchukua dawa, kabla miguu haijavimba. Kazi hiyo haihitaji mashine. Yahitaji muda, na kiti cha mgonjwa mahali pa faragha, dirishani haiwezekani.