Kabla ya Shanghai: barua ya wazi kwa mawaziri wa uchukuzi, mawasiliano na hali ya hewa

Kwa Baraza la Kisekta la Mawaziri wa Uchukuzi, Mawasiliano na Hali ya Hewa,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Waheshimiwa Mawaziri,

Yah: Msimamo wa Jumuiya katika mkutano wa masafa wa mwaka 2027

Nawaandikia kuhusu kipande cha masafa ya redio ambacho raia wengi hawajawahi kukisikia, kati ya gigahezi 4.2 na 4.4. Kila ndege kubwa ya abiria inayotua Entebbe, Kigali, Nairobi au Dar es Salaam inakitumia. Kifaa kilichofungwa tumboni mwa ndege hutuma mawimbi kuelekea chini, hupokea mwangwi wake, kisha humwonyesha rubani amebakiza futi ngapi kugusa ardhi. Usiku wa ukungu, kipimo hicho ni uhai wa abiria.

Hatua moja juu yake, kuanzia gigahezi 4.4 hadi 4.8, wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wanachunguza kama masafa hayo yatengewe mitandao ya simu ya kizazi kijacho. Na ndani ya kipande chenyewe cha ndege, watu wa hali ya hewa wanaomba setilaiti zao zitambuliwe rasmi ili zipime humo joto la bahari. Mambo yote mawili yamo katika ajenda ya Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio utakaofanyika Shanghai, China, mwaka 2027. Hapo uchukuzi, mawasiliano na hali ya hewa vinakutana mahali pamoja, na Baraza lenu linabeba vyote vitatu kwa jina lake. Ndiyo maana nimewaandikia nyinyi, sikuiandikia mamlaka ya mawasiliano ya nchi moja.

Ombi langu ni moja. Kabla Afrika haijafunga msimamo wake wa pamoja kwa ajili ya Shanghai, Baraza litangaze hadharani msimamo wa Jumuiya, likieleza pia sababu zake: tunataka nini, tutakubali kuachia nini, na kwa faida ya nani.

Niseme kidogo jinsi mambo haya yanavyokwenda, kwa kuwa nataka barua hii isomwe pia na wasiokuwa wataalamu. Masafa hayana mpaka, kwa hiyo nchi 194 wanachama wa ITU huyagawa kwa mkataba unaoitwa Kanuni za Redio, na mkataba huo hurekebishwa katika mkutano wa dunia kila baada ya miaka mitatu hadi minne. Kila nchi ina kura moja, lakini kura hupigwa kwa nadra. Karibu kila kitu huamuliwa kwa maafikiano. Maafikiano hayo hujengwa na kanda sita, na yetu ni Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, ATU, wenye makao yake Nairobi. Chini yake liko shirika letu la ukanda, EACO, lenye makao Kigali, na chini ya hilo ziko kamati za kila nchi. Jambo likifika kwenye ukumbi wa mkutano likiwa na kanda nzima nyuma yake, husikilizwa. Likiletwa na nchi moja usiku wa wiki ya mwisho, ni vigumu sana likapona.

Kwa hiyo kazi halisi hufanyika nyumbani, miaka kadhaa kabla. Ajenda ya Shanghai ilipangwa Dubai mwishoni mwa mwaka 2023, na tangu hapo makundi ya utafiti ya ITU yamekuwa yakipima na kubishana. Kitakachofanyika Shanghai kwa wiki nne kwa sehemu kubwa ni kuhitimisha mabishano hayo.

Sasa nirudi kwenye joto la bahari, maana hapo ndipo ninapoogopa tutalala.

Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi hafifu ya redio, maji ya bahari yakiwemo. Setilaiti zimekuwa zikiyasikiliza mawimbi hayo karibu na gigahezi 7, na uzuri wa masafa hayo ni kwamba hupenya mawingu. Bahari ikiwa imefunikwa siku kumi mfululizo, kipimo bado kinapatikana. Lakini Dubai, mwaka 2023, sehemu ya juu ya gigahezi 6, yaani kuanzia 6.425 hadi 7.125, ilitambuliwa kwa ajili ya simu katika kanda yetu ya kimasafa, ambayo inaunganisha Afrika, Ulaya na nchi za Kiarabu. Minara ikishajaa katika masafa hayo, sauti ile hafifu ya bahari itamezwa, hasa karibu na pwani. Ndiyo sababu watu wa hali ya hewa wanatafuta mahali pengine pa kusikilizia, na wametaja gigahezi 4.2 hadi 4.4 na 8.4 hadi 8.5.

Hili linatugusa sisi kuliko wengi. Vuli yetu hufuata joto la Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari hiyo, yaani upande wetu, ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli huzidi kipimo, kama ilivyotokea mwaka 2019 na tena 2023. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na vimbunga hunywa nguvu zao kutoka kwenye maji ya moto. Mvuvi wa Mafia, mkulima wa Kilifi, dereva wa lori anayesubiri barabara ya Lindi ipitike, wote wana haki yao ndani ya kipimo hicho, ingawa hakuna kati yao atakayekuwa Shanghai. Mashirika yetu ya hali ya hewa ndiyo yanapaswa kuwasemea. Je, wataalamu wake wamo katika kamati zinazoandaa msimamo wa kila nchi? Wanaketi kama wajumbe kamili, au hupelekewa nakala ya barua baada ya uamuzi?

Simu nazo zina haki yao, na sitaki ieleweke kwamba ninazipinga. Vijana wa Goma, Gulu na Kigoma wanahitaji intaneti ya bei nafuu na yenye kasi, na masafa zaidi ni sehemu ya jibu. Ninachosema ni kwamba mizani hii ishikwe na watu wote wanaohusika, na ishikwe mapema.

Marekani ilionyesha nini hutokea isipokuwa hivyo. Serikali yao ilinadi masafa ya gigahezi 3.7 hadi 3.98 kwa makampuni ya simu na kuvuna zaidi ya dola bilioni 80. Ilipofika Januari 2022, siku chache kabla ya 5G kuwashwa, mamlaka ya anga na mamlaka ya mawasiliano bado zilikuwa hazijakubaliana kuhusu usalama wa vile vifaa vya kupimia mwinuko wa ndege. Minara iliyo karibu na viwanja vya ndege ikacheleweshwa kuwashwa, na mashirika kadhaa ya nje, Emirates likiwamo, yakasitisha kwa muda safari za miji kadhaa. Huko masafa ya simu yalikuwa yametengana na ya ndege kwa zaidi ya megahezi 200. Haya yanayochunguzwa sasa yanaanzia pale pale ya ndege yanapokoma. Na hiyo ni nchi moja, yenye serikali moja na wahandisi wa kutosha. Sisi ni nchi nane.

Lakini tunaweza, kwa sababu Afrika imewahi kufanya. Mwanzoni mwa mwaka 2012, katika mkutano wa masafa wa Geneva, nchi za Afrika na za Kiarabu zilisimama pamoja kudai masafa ya megahezi 694 hadi 790, yaliyokuwa ya televisheni, yafunguliwe pia kwa simu. Mkutano wa mwaka 2007 ulikuwa umefungua yale ya 790 hadi 862, na Ulaya iliridhika nayo. Kwetu hayakutosha, kwa kuwa katika nchi nyingi za Afrika sehemu ya masafa hayo ilikuwa imeshakaliwa na mitandao ya simu ya teknolojia nyingine. Ulaya haikuwa imejiandaa kwa dai hilo na ilipinga kwa nguvu. Mwisho wake dai lilipita, kwa sharti kwamba lianze kutumika baada ya mkutano wa 2015. Masafa ya chini namna hiyo husafiri mbali na kupenya kuta. Mnara mmoja hufikia vijiji ambavyo vingehitaji minara kadhaa. Tanzania iliyanadi mwaka 2018. Mtu anayepata intaneti leo kwenye masafa ya 700 akiwa shambani anakula matunda ya mshikamano ule, hata kama hajui ulitokea wapi.

Mwaka huohuo wa 2012, mwezi Desemba, ulifanyika mkutano mwingine Dubai, wa kurekebisha kanuni za mawasiliano ya kimataifa. Nchi 89 zilisaini na 55 hazikusaini siku ile. Kenya haikusaini, majirani zake katika Jumuiya, iliyokuwa na wanachama watano wakati huo, walisaini. Sina nia ya kuamua leo nani alikuwa sahihi. Kinachoniuma ni kwamba Jumuiya iliyokuwa inajenga soko moja iliondoka Dubai imegawanyika, na wananchi wake hawakuwahi kuwekewa mezani hoja za pande zote mbili wakazisoma.

Lipo jambo jingine kwenye ajenda ya Shanghai ambalo bila sauti moja litatutesa: setilaiti zinazoongea moja kwa moja na simu ya kawaida, ile ile uliyonayo mfukoni, bila mnara. Swali linaloulizwa ni kama setilaiti ziruhusiwe kutumia masafa ya simu za mkononi, kuanzia karibu na megahezi 700 hadi gigahezi 2.7. Kwa mvuvi aliye katikati ya Ziwa Victoria, ambako minara haifiki, hii inaweza kuwa tofauti kati ya kuokolewa na kuzama. Naitaka, na naamini nanyi mnaitaka.

Ila angalieni ramani. Ziwa lile lina nchi tatu. Hata leo, kwa minara ya kawaida, mtu wa Sirari, Namanga au Mutukula anajua simu yake inavyodaka mtandao wa upande wa pili. Mwale wa setilaiti ni mpana kuliko mji wowote wa mpakani, na haukati kona kwenye mto Kagera. Kampuni iliyopewa leseni na nchi moja itamulika nchi ya jirani. Hapo ndipo maswali yatakapoanza: mnara wa jirani ukiingiliwa, nani atazima? Simu ya dharura ikipigwa kutoka majini, itapokelewa Mwanza, Kisumu au Entebbe? Kodi itakwenda wapi? Mnayo mamlaka ya kukubaliana majibu sasa, kwa masharti yanayofanana katika leseni za nchi zote nane, na kuyapeleka Shanghai kama sharti letu la kusema ndiyo. Makampuni yenye setilaiti yana wanasheria wengi na subira nyingi. Yakikuta kila nchi inajadiliana peke yake, yataanza na ile yenye masharti mepesi, na wengine watabaki kulalamikia mwale ulioshapita juu ya vichwa vyao.

Kuna pia suala la watu wetu. Wiki ya mwisho ya mikutano hii vikao huendeshwa sambamba, vingine hadi usiku wa manane. Ujumbe wa watu wanne hauwezi kuketi katika vyumba kumi. Kwa hiyo gawaneni kazi: mtaalamu wa Burundi abebe jambo moja kwa niaba ya wote, wa Uganda abebe jingine, wa Somalia jingine, na kila mmoja awe na maelekezo ya maandishi yanayojulikana nyumbani. Naye abaki na jambo hilo tangu makundi ya utafiti hadi siku ya kusaini. Anayelijua faili akihamishwa katikati ya safari, tunapoteza kumbukumbu ambayo haimo katika waraka wowote.

Nimesikia hoja kwamba msimamo ukitangazwa mapema, wapinzani wataujua. Sehemu ya mbinu za majadiliano ibaki siri, sawa. Lakini madai yenyewe ya kila kanda hupelekwa ITU kama nyaraka na kusomwa na nchi zote kabla ya mkutano. Wageni watajua tunachotaka. Watakaobaki gizani ni wahandisi wa vyuo vyetu, wenye redio za kijamii, marubani na wavuvi, yaani watu ambao wangeweza kuwasaidia kuutengeneza vizuri.

Na Shanghai itapanga pia ajenda ya mkutano wa mwaka 2031. Jambo la Ziwa Victoria au la Bahari ya Hindi lisiloingizwa humo litasubiri mzunguko mwingine mzima. Naomba mwiagize Sekretarieti itangaze tarehe ya kikao cha wazi cha kupokea maoni, ikiwaalika kwa majina mashirika ya hali ya hewa na mamlaka za anga za nchi zote nane, na tarehe hiyo iwe kabla ya Afrika kufunga milango ya maandalizi yake.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,
Mwandishi na mwananchi wa Afrika Mashariki,
Dar es Salaam.