Cartagena: Kuta Zimebaki, Wenyewe Wanaondoka

Wakati Fort Jesus yetu ilipoanza kujengwa mwaka 1593, Ureno ilikuwa chini ya Philip wa Pili, mfalme wa Uhispania, aliyezikusanya falme zote mbili mkononi mwake. Mfalme huyo huyo ndiye aliyemtuma fundi wa Kitaliano, Bautista Antonelli, kwenda kuutilia ngome mji wa Cartagena, katika pwani ya Kolombia, baada ya Mwingereza Francis Drake kuuteka mji huo mwaka 1586 na kuondoka na fidia kubwa. Fundi wa Fort Jesus, Cairati, alikuwa Mtaliano vile vile. Basi, msomaji mpenzi, nilipokwenda kukaa Cartagena siku nne sikujiona mgeni mbele ya kuta zile. Mawe ya matumbawe ni yale yale, na jua ni lile lile.

Mgeni huingia mji wa ndani kupitia mnara wa saa, akatokea kwenye uwanja uitwao Plaza de los Coches. Hapo ndipo walipokuwa wakiuzwa watumwa, kwani Cartagena ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za biashara hiyo katika Amerika ya Wahispania, na wengi walioshushwa walitoka Angola, Kongo na Afrika ya Magharibi. Leo, kando ya uwanja huo, chini ya matao, wamekaa akina mama na mitungi ya vioo iliyojaa peremende na vitamu. Nilinunua cocada. Ilikuwa kashata, wallahi, kashata ya nazi na sukari, na kama ungefumbwa macho ungedhani uko Markiti.

Kwa chakula, mtu wa Pwani hapati taabu huko. Wali wao ni wa nazi. Hulichemsha tui mpaka likatoa mafuta na kubakia chembe za rangi ya kahawia, wakatia sukari guru, ndipo wakatia mchele. Wali hutoka mweusi-mweusi na wenye utamu. Huuandaa na samaki mzima wa kukaanga, na ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa, zikakaangwa tena. Jambo la kujihadhari nalo ni mafuta, kwani nguruwe ameingia katika vyungu vingi, kwa hivyo uliza kabla ya kuketi. Katika mitaa ya pwani hiyo utakuta pia kibe, iliyoletwa na Waarabu wa Shamu na Lebanon waliohamia huko tangu mwisho wa karne ya 19. Na ukitaka kuswali, kumbuka kwamba kibla ni mashariki kwa kuegemea kaskazini, si kaskazini kama kwetu Mombasa.

Ununuzi sitausema sana. Chini ya ukuta wa kaskazini kuna vyumba 23 viitwavyo Las Bóvedas, vilivyomalizika kujengwa mwaka 1798, vikawa ghala na baadaye gereza. Sasa ni maduka. Mifuko iliyofumwa na Wawayuu wa La Guajira ni mizuri kweli, na bei hushuka ukivumilia. Zumaridi niliziangalia tu.

Kilichonishika moyo ni wale wanawake weusi wa mavazi ya rangi kali na sinia za matunda kichwani, ambao kila mgeni hutaka kupigwa picha nao kwa malipo. Hao hutoka San Basilio de Palenque, kijiji cha kilomita 50 hivi kutoka mjini, ambacho asili yake ni watumwa waliotoroka. Wanamheshimu Benkos Biohó, kiongozi wa watoro, aliyenyongwa na Wahispania mwaka 1621. Lugha yao imechanganya Kihispania na Kikongo: mnyama wa maziwa wao humwita ngombe, na mtoto ni moná. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza utamaduni wao kuwa hazina ya wanadamu. Nilijiuliza ni wageni wangapi waliowapiga picha akina mama hao wamewahi kuisikia lugha yenyewe.

Wenyeji wa Cartagena si watu wa kunyamaza lakini. Mwaka 2014 lilizinduliwa bamba la kuwakumbuka Waingereza waliokufa wakiushambulia mji mwaka 1741, na Charles, wakati huo mwana wa mfalme, ndiye aliyelifunua. Hazikupita siku nyingi likapigwa nyundo, kisha likaondolewa. Mwaka 2022 nchi hiyo ilimpata Francia Márquez, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa makamu wa rais, naye Mei 2023 alizuru Kenya. Kumbukumbu huko ni siasa ya leo.

Hata hivyo, nyundo haiwezi kuzuia kodi. Nje kidogo ya mji wa ndani uko mtaa wa Getsemaní, uliokuwa wa mafundi na watu weusi, na ambao zamani wenye fedha waliuogopa. Tangu UNESCO iuandike mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1984, watalii wamezidi, na nyumba zikageuzwa hoteli. Kolombia hupanga makazi kwa madaraja, la 1 mpaka la 6, na daraja likipanda bili za maji na umeme hupanda nalo. Thamani ya nyumba ikiongezeka, kodi yake nayo huongezeka. Mjane aliyerithi nyumba ya babu anatajirika kwenye karatasi huku akishindwa kulipa. Hafukuzwi na mtu. Anauza mwenyewe.

Lamu waliandikwa mwaka 2001, na wanalijua jambo hili. Sisi tuna wakf, nyumba isiyouzwa wala kurithiwa, na kwa maoni yangu hiyo ni kinga kubwa kuliko bamba lolote la UNESCO, ikiwa wasimamizi watamtazama mpangaji kabla ya kutazama kodi.

Jioni ya mwisho nilipita Getsemaní na kijana aliyekuwa akinitafsiria. Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi kitini mlangoni, kama wazee wetu barazani. Alituhesabia nyumba za upande wa pili kwa kidole: hoteli, hoteli, mkahawa, ya mgeni aliyekuja mara mbili tu, imefungwa, hoteli. Kisha akaonyesha ya kwake, na ya jirani yake.

"Hizi mbili," akasema, "bado zina watu."