Mtoto na Jino Bovu: Ganzi, Gesi au Nusukaputi?

Wiki hii nina ugomvi na nyie kina mama na kina baba wa mjini. Mtoto akikataa uji tu, utasikia: "Nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano!" Mtoto ananywea, uji unapita, nawe unajiona bingwa. Subiri sasa jino litoboke. Huyo huyo daktari uliyemfanya zimwi ndiye unayetaka mtoto amfungulie mdomo. Atafungua? Thubutu!

Hapo ndipo yanapoanza ya kushikana: baba mikono, shangazi miguu, mtoto anapiga yowe mpaka walio kwenye foleni wanaanza kuaga. Jino linatoka kweli, lakini hofu inabaki. Akikua, ataacha shavu livimbe kuliko kurudi kwenye kile kiti.

Kumbe njia zipo, tena si moja.

Ya kwanza ni ganzi. Daktari anaweza kupaka kwanza dawa ya kufisha ufizi, ndipo achome sindano. Mtoto yuko macho, hasikii maumivu, ila atahisi kusukumwa-sukumwa. Kipimo cha dawa kinafuata kilo zake, kwa hiyo apimwe uzito. Mkirudi nyumbani, asitafune kitu mpaka ganzi iishe, masaa mawili matatu hivi. Watoto wengine hujitafuna mdomo bila kujua, kesho umevimba kama andazi.

Ya pili ni gesi ya kucheka, yaani naitrasi oksaidi. Anaivuta kwa pua ikiwa imechanganywa na oksijeni. Analegea, hofu inapungua, lakini anasikia na kujibu. Ikifungwa, anavuta oksijeni tupu dakika chache, kwisha kazi. Si mambo mapya haya: mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells, kule Hartford, Marekani, alivuta gesi hiyo akang'olewa jino lake mwenyewe. Ila mwenye mafua ya kuziba pua, au anayelia bila kunyamaza, haitamsaidia. Na si kila kliniki inayo.

Ya tatu ni dawa ya kutuliza, kama midazolamu ya kunywa, mtoto anasinzia-sinzia. Ya nne ndiyo nusukaputi yenyewe, hajui hili wala lile. Huwafaa watoto wadogo sana, wenye meno mengi mabovu, au wasioweza kutulia kwa sababu ya ulemavu.

Sasa tuelewane. Hizi mbili za mwisho usizichukulie kimzaha. Dawa ya kutuliza ikizidi, mtoto anapitiliza kwenye usingizi mzito na pumzi inafifia. Mwongozo wa madaktari wa watoto na wa meno ya watoto wa Marekani, wa mwaka 2019, unataka mtoto akilazwa usingizi mzito kwenye kliniki ya meno wawepo wataalamu wasiopungua wawili: mmoja ahangaike na jino, mwingine kazi yake iwe kumwangalia mtoto tu. Uingereza ndiyo kabisa: tangu mwisho wa 2001, nusukaputi ya meno ni hospitalini, basi.

Kwa hiyo usione haya kuuliza. Mtampa dawa gani? Nani atamwangalia akilala? Oksijeni ipo? Pumzi ikikata mtafanyaje? Daktari akiwa mkali kwa maswali hayo, mshike mwanao mkono, ondokeni.

Na mkiambiwa asile kabla ya dawa ya usingizi, asile kweli. Kwa kawaida chakula chepesi ni masaa 6 kabla, maziwa ya mama 4, maji matupu 2; chakula cha mafuta ni 8. Fuata atakavyosema daktari wako. Bibi akimwonea huruma akampenyezea chapati, sema ukweli mpangiwe siku nyingine. Akitapika usingizini, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Na kama ana mafua au pumu, usifiche.

La mwisho, lililo rahisi kuliko yote: mswaki mara mbili kwa siku, dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu. Chupa ya juisi isiingie kitandani. Na lile zimwi la sindano, liue leo leo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!