Mkia Unaoyumba Baada ya Matengenezo

Helikopta ya rimoti ikianguka, mwenyewe hukimbilia kubadilisha kilichovunjika na kusahau kilichopinda. Mapanga mapya yanafungwa, mota inawashwa, na mkia unaanza kuyumba kushoto na kulia. Lawama zote huangukia jairo, kihisi kinachoutuliza mkia, ambayo mara nyingi haina kosa.

Helikopta ya T-Rex 450 ya kampuni ya Align ni mfano mzuri. Shafti yake kuu ina kipenyo cha milimita 5 tu, nayo huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kupinda kidogo, kusikoonekana kwa macho, kunatosha kutikisa fremu nzima, na mtikisiko huo ndio unaoichanganya jairo. Kuipima shafti hakuna gharama: inachomolewa na kuviringishwa juu ya kioo bapa. Ikiwa imepinda, mwanga hupenya chini yake kisha hupotea, tena na tena. Kuinyoosha kwa nyundo ni kujidanganya, inunuliwe nyingine. Ufito mwembamba unaoshika mapanga yote mawili upimwe vivyo hivyo, maana nao hupinda upesi.

Mapanga je? Fundi hubandika tepu ya rangi kwenye ncha ya panga moja, kisha husimama mbali na kulitazama duara la mapanga yanayozunguka likiwa usawa wa macho. Yakionekana maduara mawili, kiungo cha panga moja hurefushwa au kufupishwa kidogo.

Servo nazo, yaani mota ndogo zinazoelekeza helikopta, umeme ukiwa umezimwa, zizungushwe polepole kwa vidole. Inayokwama au kuruka mahali pamoja imekatika jino.