Dipoziti ya chupa si bei, isitozwe ushuru

Kama unaishi Garissa unajua soda baridi si anasa. Saa nane mchana, jua likiwa pale juu, hata mwenye kuhesabu shilingi ataitafuta. Na ukitaka kuondoka na chupa ya kioo, mwenye duka atakuuliza: "Umekuja na chupa?" Kama huna, unaacha pesa kidogo. Ukirudisha chupa, unarudishiwa pesa yako. Hiyo ndiyo dipoziti, na hakuna aliyehitaji semina kuielewa.

Sasa niambie, pesa hiyo ikiwa kwa mwenye duka ni ya nani? Ni yako. Amekushikia tu. Soda amekuuzia, chupa amekuazima. Ndiyo maana nasema VAT isiguse hapo hata senti moja.

Usidhani ni jambo dogo. Piga hesabu na mimi. Kreti moja ya soda ina chupa 24. Tuseme dipoziti ni Sh20 kwa chupa, hiyo ni Sh480 kwa kreti. VAT yetu ni asilimia 16, kwa hivyo ukiitoza kwenye dipoziti ni Sh76.80. Mama wa kibanda anayeanza na kreti 10 atatoa Sh768 za ushuru kwa kitu ambacho hakukinunua. Siku akirudisha chupa zote atapewa Sh4,800 zake. Zile Sh768 je? Atamdai nani?

Na hapa ndipo penye uchungu. Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa kwa VAT anaweza kudai ushuru aliolipia bidhaa zake. Mdogo hawezi. Sheria inamlazimu kujisajili yule ambaye mauzo yake yanafika Sh5 milioni kwa mwaka, na vibanda vingi pale Bulla Iftin havifiki hapo hata kwa ndoto. Ushuru huo utamkwama mama wa watu, au atausukuma kwako kupitia bei.

Si hofu ya kubuni. Viwanda vya soda nchini, Mount Kenya Bottlers wakiwemo, vilivutana na KRA mahakamani kwa miaka mingi kuhusu ushuru wa bidhaa na chupa zinazorudishwa. Ubishi ulikuwa huu huu: chupa ni sehemu ya bei au la? Leo Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 inasema ukihesabu bei ya kutoka kiwandani, gharama ya chupa za kurudishwa haiingii. Nataka kanuni hiyo ifuatwe hadi kwenye kaunta ya mwisho, tena ionekane kwa risiti: soda na ushuru wake mstari mmoja, dipoziti bila ushuru mstari mwingine.

Wamarekani wenyewe hawajakubaliana. Kule New York, dipoziti ya senti 5 haitozwi ushuru wa mauzo. Kule California, soda ikitozwa ushuru, pesa ya chupa nayo inatozwa. Nchi moja, chupa ileile. Sisi tufuate New York.

Utaniuliza, mbona makelele ya chupa za kioo na siku hizi kila kitu ni plastiki? Kwa sababu plastiki ndiyo inatumaliza. Pita soko la mifugo ujionee. Chupa chache zinapata kazi ya pili, kubeba maziwa ya ngamia au petroli ya boda. Zingine zinabaki chini, na mbuzi wetu hawachagui cha kutafuna. Sheria ya taka ya 2022 imempa mzalishaji jukumu la bidhaa yake hadi inapogeuka taka. Njia rahisi ya kutimiza hilo ni kuweka dipoziti kwenye chupa za plastiki pia. Ikiwa Sh5 tu, kijana akiokota chupa 100 ana Sh500 mfukoni. Hakuna chupa italala barabarani.

Lakini kumbuka sisi tuko mbali. Kutoka Nairobi hadi hapa ni zaidi ya kilomita 350, na Wajir na Mandera bado ziko mbele. Kurudisha chupa tupu kwa lori tayari ni gharama. Ukiongeza ushuru juu ya dipoziti, wenye maduka watakataa kuzishika, na mpango wote utafia njiani kabla haujafika Modogashe.

Kuna atakayesema serikali itakosa mapato. Itakosa nini? Soda yenyewe inalipiwa ushuru wa bidhaa na VAT pia. Na chupa isiporudi kabisa, ile dipoziti inabaki kwa muuzaji. Hapo ni mauzo, atozwe. Ikirudi, hakuna kilichouzwa.

Mwaka 2024 vijana tuliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, na tuliona ulivyoishia. Kila mwaka Bunge huomba maoni ya umma kuhusu mswada kama huo, na barua yako inahesabika kama ya wakili yeyote. Kwa hivyo mswada ujao ukitoka, tafuta neno "chupa" kabla ya kutafuta kitu kingine, kisha umwandikie mbunge wako. Si lazima uwe na digrii, bana. Mimi niliacha chuo, lakini najua asilimia 16 ya Sh20 ni Sh3.20, na najua si za serikali.