Mamba Hapandi Mti

Imezuka kasumba miongoni mwa wafasiri wetu ya kumwita koboko "mamba mweusi", na ndugu yake wa mitini "mamba wa kijani". Mamba wa Mswahili ana miguu minne na makao yake ni mtoni. Waingereza waliliokota neno hilo kusini, kwa Wazulu, wakalieneza duniani. Nasi tumelipokea kutoka kwao kana kwamba kabla yake tulikuwa mabubu.

Na aende Kisarawe anayebisha. Katika mabaki ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi nyoka huyo wa kijani angalipo, na mzee wa Kizaramo akiambiwa kuwa mamba amepanda mkorosho atauliza ni nani aliyempandisha. Jina la nyoka huyo ni hongo. Lakini litaje leo, na msikilizaji atawaza bahasha na karani. Hongo ilikuwa pia ada waliyotozwa wenye misafara katika karne ya 19. Na Kinjikitile alipozama majini Ngarambe mwaka 1904, pepo aliyesemekana kumchukua, mwenye umbo la joka, aliitwa Hongo. Yote hayo yamemezwa na rushwa (ambayo, tukiri, ina tumbo kubwa).

Wako wanaosema kuwa nyoka ni nyoka, jina moja latosha. Latosha kwa nani? Sumu ya moma huvimbisha na kuozesha nyama. Ya hongo hupoozesha misuli hata pumzi ikakatika. Ukukwi naye ni kijani vilevile, hana sumu ya kumdhuru mtu, na huuawa kwa kosa la rangi yake. Muuguzi aandikapo "ameumwa na nyoka wa kijani", ameandika nini? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa. Sisi tumeyapuuza hata majina.

Wahispania neno lao la kale, sierpe, wameliachia vitabu na mtaa mmoja mashuhuri wa Sevilla. Hata hivyo, culebra na víbora hawakuyatupa: la kwanza aghalabu ni la nyoka asiyetisha, la pili ni la mwenye sumu kali. Mkulima wao hukimbia au hubaki kwa neno moja tu.

Lawama kubwa naielekeza kwa watunga kamusi. Swila, fira, moma, ukukwi: kila mmoja hufasiriwa "aina ya nyoka", pengine kwa nyongeza ya "mwenye sumu", kisha ukurasa ukafunuliwa. Huko si kufasiri, ni kuzika. Toleo lijalo liandikwe na mtu aliyekaa Kisarawe msimu mmoja wa korosho, akawauliza waokotaji yupi humkwepa, yupi humpisha, na humwitaje.